Mzizi na Kuvu: Namna Mmea Unavyotambua Rafiki na Adui

Makala haya yanaeleza jinsi mizizi ya mimea inavyopambanua kuvu yenye manufaa na ile yenye madhara. Katika mazungumzo ya kila siku neno kuvu huashiria uharibifu: mkate ulioota kuvu hutupwa. Mzizi, hata hivyo, hauhukumu kwa jina.

Katika Soko la Toi, Kibera, linalosifika kwa mitumba, huuzwa pia mahindi, maharagwe, nyanya na ndizi. Mimea yote hii hushirikiana ardhini na kuvu za mikoriza, ambazo huuletea mzizi fosforasi na kulipwa sukari na mafuta. Lakini kuvu ya fusariamu, inayosababisha mnyauko wa nyanya na migomba, nayo huingilia mizizini.

Mzizi ndio huanzisha mawasiliano. Unapokosa fosforasi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kuwa kemikali hiyo huzifanya nyuzi za mikoriza zitoe matawi. Kuvu hujibu kwa vipande vya kitini, kijenzi cha kuta zake. Ugumu uko hapa, kwa maana kuta za adui pia zina kitini. Vipande vifupi vya sukari 4 au 5, pamoja na vile vilivyounganishwa na mafuta, huelekea kufungua njia ya ushirikiano; virefu, vya sukari 8 hivi, huelekea kuamsha kinga. Hata hivyo, mpaka huo si kamili: katika mpunga, kipokezi kimoja, CERK1, huhusika na njia zote mbili. Kwa hiyo mzizi hupima ishara kwa jumla, kisha hupima matendo. Kuvu isipoleta fosforasi, vijitawi vyake ndani ya seli huvunjwa mapema.

Wito huo una hatari yake. Mbegu za striga, gugu ambalo Tanzania huitwa kiduha na Wajaluo huliita kayongo, hukaa ardhini miaka mingi zikidukiza. Zikipata strigolaktoni huota na kunyonya mizizi ya mahindi na mtama. Wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya wamepoteza mavuno kwa njia hii. Katika mbinu ya vuta-sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa icipe huko Mbita pamoja na wenzao, desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huziotesha mbegu za striga na kuzizuia kushikamana na mahindi, zikafa.

Sukuma wiki, kama karibu jamii yote ya kabichi, haina ushirika na mikoriza. Mahindi hayana budi kuita. Kwa kuhitimisha, kazi iliyo mbele ya wataalamu ni kupata mbegu ya mahindi itakayosikiwa na rafiki bila kumwamsha mwizi.