Daktari Jenner na Maradhi ya Ndui

Ndui iliua watu wengi, na waliopona wengine walipofuka. Katika Uingereza, Daktari Edward Jenner alisikia kuwa wanawake wakamao ng'ombe, wakishapatwa na ndui ya ng'ombe, hawashikwi na ndui yenyewe. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa usaha wa kidonda mkononi mwa Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mtoto akapata homa kidogo, akapona. Mwezi wa Julai akamtia ndui yenyewe, isimdhuru. Twajiuliza: nani kati yetu angalimtoa mwanawe? Mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imetoweka duniani. Leo chanjo hupimwa kwanza kwa uangalifu mwingi. Basi enyi wazazi, tusicheleweshe chanjo za watoto wetu.