Sura ya 7: Simba wa Miaka Sita

Tanzania inamruhusu mtalii mwenye leseni kuwinda simba dume tu, tena aliyetimiza miaka 6. Simba hatembei na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kazi ya kukisia umri humwangukia mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni. Huangalia pua kwanza. Ya simba mchanga ni ya waridi. Kadiri anavyokua huingia madoa meusi, hadi uzeeni weusi unakaribia kuitawala yote. Huangalia pia makovu ya uso na meno yaliyochakaa. Akikosea, fuvu litamuumbua: wataalamu hukagua nyara baadaye, na kampuni inayoleta simba wachanga hupunguziwa mgawo.

Kwa nini umri? Dume akiuawa wakati bado analinda watoto, madume wageni huvamia kundi na kuwaua watoto hao ili majike wapate joto upesi. Risasi moja imeua simba mmoja kwenye karatasi, porini wanne au watano. Mwaka 2004 Craig Packer, aliyewachunguza simba wa Serengeti kwa miongo kadhaa, na wenzake walionyesha kuwa wakiwindwa wale tu waliokwisha kulea, idadi ya simba haitetereki sana.

Hadi hapo hoja ya wawindaji inasimama. Tatizo ni kwamba simba wengi hawafi kwa risasi ya mtalii. Wanakufa kwa sumu ya mfugaji aliyeliwa ng'ombe, kwa nyaya za mitego, na kwa kukosa pa kuishi.

Ndiyo maana naona ubishi kuhusu uwindaji ni wa ardhi kabla ya kuwa wa bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo imepoteza takribani theluthi mbili ya wanyamapori wake. Mifugo, uzio na ukame vina lawama kubwa kuliko marufuku yenyewe. Katika Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, nako wawindaji walikuwapo kwa miaka mingi, lakini majangili waliwashusha tembo kutoka zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 hadi kama 13,000 mwaka 2013. Kwa hiyo anayeniambia uwindaji peke yake unalinda pori, simwamini; na anayesema kamera zitachukua nafasi yake, namkaribisha kwenye miombo ya kusini mwezi wa Novemba, akapambane na mbung'o. Mwindaji huvumilia siku 21 huko kwa ajili ya simba. Mpiga picha huenda Ngorongoro.

Soko lenyewe linayumba. Wateja wengi ni Wamarekani, na mwaka 2014 serikali yao ilizuia kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania. Mwaka uliofuata simba aliyeitwa Cecil akauawa na mwindaji kule Zimbabwe, hasira dhidi ya uwindaji zikaongezeka. Vitalu vingi vya uwindaji vikarudishwa serikalini. Kampuni ikiondoka, gari la doria nalo huondoka, na barabara iliyochongwa kwa ajili ya wageni huwafaa wachoma mkaa.

Botswana ilifunga uwindaji mwaka 2014, ikaufungua tena 2019 baada ya malalamiko ya vijiji vinavyoishi na tembo. Kwetu, mwanakijiji aliyetoa ardhi kwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori husubiri ada ipitie serikalini kwanza ndipo fungu la jumuiya lirudi. Tembo hawasubiri bajeti. Mahindi yakikomaa, wanaingia usiku huohuo.