Darubini ya Bunduki kwa Mlinzi wa Shamba: Namna ya Kuichagua pamoja na Nyuzi Zake

Mkulima mwenye shamba kando ya msitu aijua desturi ya nyani. Akitokea na fimbo, mara nyingi hawamjali. Akitokea na bunduki, yule mlinzi wao aliye juu ya mti hupiga kelele, na kundi lote huvuka bonde likaketi ng'ambo, mita 200 au 300, likimtazama mwenye shamba mpaka achoke arudi nyumbani. Hapo ndipo mtu huanza kuitamani darubini ya bunduki, naye huenda dukani akanunua ile iliyo kubwa kupita zote. Usifanye hivyo. Yako mambo ya kutazama kabla ya kutoa fedha yako, na mengi ya hayo hupatikana shambani mwako, si dukani.

Kwanza jambo la sheria. Kibali cha bunduki ni kitu kimoja, na ruhusa ya kumwua mnyama wa porini ni kitu kingine. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na Tanzania ina sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Basi mwendee afisa wa wanyamapori wa wilaya yako umwulize ni mnyama gani, wapi, na kwa silaha ipi. Ikiwa jawabu ni hapana, huna haja ya darubini. Fedha hiyo iweke katika ua na malipo ya walinzi.

Ukiisha pata ruhusa, pima shamba. Simama mahali utakapopigia, kisha upime kwa kamba mita 100, 150, 200 na 300, na kila mahali pigilia kigingi kilichopakwa chokaa. Macho hudanganya sana, hasa yatazamapo ng'ambo ya bonde. Tena vigingi hivyo vitakuokolea fedha, kwa maana darubini nyingi za bei kubwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyejua umbali wa kitu anachokilenga. Wewe wajua, umekipima kwa kamba yako mwenyewe.

Sasa twende kwenye darubini. Juu yake huandikwa namba, kama 6x42 au 3-9x40. Namba iliyotangulia yaonyesha kitu husogezwa mara ngapi (3-9 maana yake waweza kuibadili toka mara 3 hata mara 9), na ile ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Darubini ya mara 6 humleta nyani wa mita 300 kana kwamba yu mita 50. Hiyo yatosha kabisa. Nguvu ikizidi, eneo lionekanalo huwa dogo, na mnyama akipiga hatua tatu umempoteza. Mtetemeko wa mikono hukuzwa pamoja naye. Na saa sita mchana, joto lipandapo kutoka ardhini, utaona hewa inachezacheza tu kama maji ya mto.

Lakini hasara kubwa ya nguvu nyingi ni giza. Fanya hesabu hii: gawanya upana wa kioo kwa nguvu. 42 kwa 6 ni 7. Basi duara ya nuru itokayo nyuma ya darubini ina upana wa milimita 7. Mboni ya jicho la kijana hufunguka kadiri hiyo gizani. Ya mzee hufunguka pungufu, 5 hivi. Sasa chukua ile kubwa ya dukani, 24x50: ikiwekwa katika nguvu yake yote, duara ni milimita 2 na kidogo. Mchana mkali hutaona kasoro. Jua likizama, saa ile nguruwe mwitu wachomozapo kuifuata mihogo, hutaona nguruwe. Waweza kujaribu hapo hapo dukani: ielekeze darubini dirishani, uishike mbele ya uso kwa urefu wa mkono, na ile duara ndogo nyeupe utaiona kwa macho.

Nyuzi ndizo zile alama za msalaba zionekanazo ndani ya kioo. Nazo zamani zilikuwa nyuzi kweli. Mwingereza William Gascoigne, mtazama nyota aliyeishi hata mwaka 1644, aliuona uzi wa buibui ndani ya darubini yake, umeonekana wazi pamoja na kile alichokuwa akikitazama, naye akatambua kwamba alama ikiwekwa mahali pale pale humwonyesha mtu anapolenga. Siku hizi nyingi huchorwa juu ya kioo, na namna zake hazina hesabu.

Kwa mlinzi wa shamba namna mbili zatosha kuzijua. Ya kwanza ni msalaba ulio mnene pande zote nne na mwembamba katikati. Kampuni ya Leupold ya Marekani ilianza kuuza wa namna hiyo mwaka 1962, nao umeigwa kila mahali, kwa sababu hata katika giza la magharibi ile mikono minene huliongoza jicho katikati. Ya pili ni msalaba wenye alama ndogo za kipimo kwenye uzi unaoshuka chini, ili uweze kulenga juu kidogo kwa ajili ya risasi inayoanguka. Ukiweza kupata darubini iliyounganisha hizo mbili, mikono minene na alama chache zinazohesabika, umepata kilicho bora. Ile ya tatu, yenye vitone vingi vilivyotandazwa kama matawi ya msonobari, waachie wapigao shabaha za mita 800 na 1,000. Vile vitone vitamfunika mnyama wako, na kwa kugombania kipi ni kipi atakuwa amekwisha kwenda zake.

Hapa angalia sana. Alama hizo hupimwa kwa vipimo viwili. Kimoja huandikwa MOA, nacho ni sehemu ya 60 ya digrii moja. Kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9. Cha pili huandikwa MRAD, au kwa kifupi mili, nacho ni sehemu moja katika 1,000 ya umbali: kwa mita 100 ni sentimita 10, kwa mita 300 ni sentimita 30. Virungu vya kurekebishia, kile cha juu na kile cha ubavuni, navyo huenda kwa kipimo, na kila mlio ni hatua moja: mara nyingi robo ya MOA, yaani kama milimita 7 kwa mita 100, au sehemu ya kumi ya mili, yaani sentimita 1. Wewe uliyepima shamba kwa mita, chukua mili. Hesabu yake ni nyepesi. Lakini lolote utakalochagua, nyuzi na virungu sharti viwe vya kipimo kimoja. Ziko darubini zilizouzwa miaka mingi zenye nyuzi za mili na virungu vya MOA. Ukiona risasi imeanguka alama 2 chini, itakubidi kuzidisha kwa 3.44 kabla ya kuhesabu milio. Darubini hiyo usiinunue hata ikiwa rahisi.

Tena, katika darubini ya kubadili nguvu, muulize muuzaji kama nyuzi hukua pamoja na picha. Zikikua, alama ni za kweli katika nguvu zote, lakini ukiishusha nguvu jioni uzi huwa mwembamba hata usiuone. Zisipokua, huonekana sikuzote, ila alama zake ni za kweli katika nguvu moja tu, kwa kawaida ile ya juu. Mwenye darubini ya nguvu moja, kama ile 6x42, hana mashaka hayo, nami kwa shamba dogo naipendelea hiyo.

Darubini haiinyoshi risasi. Risasi ya .308 iliyorekebishwa kupiga sawasawa kwa mita 100 itaanguka karibu sentimita 12 kwa mita 200, karibu sentimita 45 kwa mita 300, na kwa mita 500 karibu mita 1.8. Upepo wa kilometa 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni, kwa mita 300 huisukuma kama sentimita 20. Na mahali pa moyo na mapafu ya nyani pana upana wa kisahani cha kikombe. Basi mita 300 ndiyo mpaka, na kwa wengi mpaka ni 200. Mnyama aliyejeruhiwa huenda kufia mbali kwa mateso, na nguruwe dume aliyejeruhiwa hungoja kichakani.

Ukiifunga darubini, acha nafasi ya sentimita 9 hivi kati ya jicho na kioo, ama itakupasua nyusi. Uzi wa wima uwe wima kweli. Uulinganishe na timazi ya mwashi iliyotundikwa mtini. Bunduki ikilala digrii 5 tu, kwa mita 500 risasi itakwenda kando zaidi ya sentimita 15. Kisha piga risasi 3 kwa mita 100, rekebisha, piga tena 3. Baadaye zungusha kirungu cha juu milio 50 ya mili, piga, upime: risasi iwe imepanda sentimita 50. Kirudishe, upige tena. Ikiwa hairudi mahali pake, irudishe darubini kwa aliyekuuzia. Fanya kazi hii huko huko kwako, kwa risasi zile zile utakazotumia, kwa kuwa hewa ya Njombe ni nyembamba kuliko ya pwani na anguko si sawa.

Kamwe usiitumie darubini ya bunduki kutazama ni nani apitaye njiani, maana umtazamaye umemwelekezea mtutu. Risasi ya .308 hufika kilometa 3 na zaidi. Basi usipige mnyama aliye juu ya kilima na nyuma yake ni mbingu. Chagua mahali pa kupigia ambapo nyuma ya kila kigingi kuna ukingo wa udongo, na uwaambie jirani zako siku utakayokuwapo.

Mavumbi juu ya kioo yapulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha pamba; ukifuta na mchanga wake utakikwaruza. Pwani na penye unyevu usiiache darubini ndani ya mfuko wa ngozi masika yote, kwani kuvu huota juu ya kioo na kukila, wala hakitengenezeki tena.