Paka Safarini: Tusimfiche Mpakani, Tusifiche Jeraha

Kila likizo kubwa ya shule inapokaribia, mitaa ya Jabe huamka mapema kuliko kawaida. Kabla jua halijachomoza, magari yamekwisha kupakiwa mikeka, masufuria, mifuko ya nguo na zawadi za bibi. Wapo wanaoelekea Uvira kwa njia ya Gatumba. Wapo wanaoshika barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, wakapita Rumonge, Nyanza-Lac na Mabanda hadi Mugina, kisha wakaingia Manyovu na kuteremka Kigoma. Wengine hupanda milima hadi Kobero ili kuingia Tanzania kwa upande wa Kabanga. Na katikati ya mizigo hiyo, mara nyingine huwamo abiria ambaye hakuna aliyemhesabu: paka wa nyumbani.

Huko Ulaya, kusafiri na paka si jambo la ajabu. Zipo familia zinazotumia likizo nzima ndani ya magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko na hata choo, na paka huwa mmoja wa wakazi wake. Kwetu magari ya namna hiyo ni machache. Gari letu la likizo ni Probox au Hiace iliyojaa watu na vifurushi. Hata hivyo, mpaka hauulizi ukubwa wa gari. Swali analoulizwa mwenye gari-nyumba ndilo analoulizwa baba wa Jabe: mnyama huyu amechanjwa, na cheti chake kiko wapi?

Tunaandika makala haya kwa sababu swali hilo huwatia watu hofu, na hofu huwafanya wafiche. Jambo la hatari zaidi ni kufichwa kwa paka, si paka mwenyewe.

Tuchukue mfano. Familia ya watu watano inafika mpakani. Paka yumo ndani ya mfuko wa salfeti chini ya kiti. Afisa anauliza: «Mna mnyama yeyote?» Baba anajibu: «Hapana, afande.» Paka, aliyechoshwa na joto na mtikisiko, anaanza kulia. Binti wa miaka minane anaingiza mkono mfukoni ili amnyamazishe, naye anaumwa kidoleni. Mtoto anameza kilio, kwa kuwa baba amekwisha kusema hapana. Mama anamfuta damu kwa kitenge na gari linaendelea. Jioni, mlango wa gari unapofunguliwa kwa bibi, paka anaruka na kutokomea asikojulikana. Bibi anapaka jeraha majani ya dawa. Baada ya siku tatu kidole kimepona, na kisa kimesahaulika.

Je, paka yule alikuwa mgonjwa? Huenda alikuwa mzima kabisa. Lakini hakuna awezaye kujua: hakuna cheti cha chanjo, paka hayupo ili aangaliwe, na mtoto hajafikishwa kwa mganga wa hospitali. Uwongo mdogo wa kizuizini umezaa ukimya mkubwa wa nyumbani, na ukimya huo ndio unaoweza kuua.

Kwa nini paka naye anaulizwa

Jina la ugonjwa tunaouzungumzia, kichaa cha mbwa, limewapotosha wengi. Wanadhani ni ugonjwa wa mbwa peke yake. Ni kweli kwamba mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Lakini virusi vyake humwingia mnyama yeyote anyonyeshaye. Paka anayezurura usiku akaumwa na mbwa mgonjwa huweza kuambukizwa, naye akaja kumwambukiza mtu kwa kumuuma, kwa kumparura, au kwa mate yake kugusa kidonda kibichi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Asia na Afrika. Wanne kati ya kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili kwa kawaida huonekana miezi miwili au mitatu baada ya jeraha, ingawa huweza kuwahi au kuchelewa zaidi. Zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana kidole kilichofunga jeraha si ushahidi kwamba mtoto amesalimika.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu una kinga, na kinga hiyo si ngeni. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwezi Julai mwaka 1885. Na kwamba mnyama anayevuka huweza kuurudisha ugonjwa palipokwisha kusafishwa, ndugu zetu wa Pemba ni mashahidi. Kisiwa hicho kiliondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa chanjo za mbwa. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kampeni ya chanjo irudiwe hadi ulipotokomezwa mara ya pili mwaka 2018. Ikiwa bahari haikutosha kuuzuia, Mto Rusizi na vilima vya Mugina havitatosha.

Hati za paka

Mtu huvuka kwa karangamuntu au hati ya kusafiria. Paka hana karangamuntu, kwa hiyo hubebewa karatasi tatu.

Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa kawaida kitoto cha paka huchanjwa kikiwa na umri wa wiki 12. Chanjo ya kwanza haihesabiwi siku hiyo hiyo: kulingana na nchi, husubiriwa siku 21 au 30 kabla mnyama hajaruhusiwa kusafiri. Anayemchanja paka wake Ijumaa ili asafiri Jumamosi amechelewa.

Ya pili ni cheti cha afya kinachotolewa na daktari wa mifugo wa serikali siku chache kabla ya safari, baada ya kumpima mnyama. Ya tatu ni kibali cha kumwingiza mnyama, kinachotolewa na mamlaka ya mifugo ya nchi mnayokwenda. Kibali huombwa kabla ya kuondoka, hakitafutwi mbele ya kizuizi. Na kwa kuwa paka atarudi nyumbani, ulizeni mapema pia masharti ya kumrejesha Burundi. Ushauri wetu ni kuanza matayarisho miezi miwili kabla ya safari, na kuuliza pia kama mpaka mnaoukusudia uko wazi wakati huo.

Ada yoyote halali hulipwa kwa stakabadhi. Mtu akiwaomba fedha za mkononi ili «amwone paka kama hakuonekana», hajawasaidia. Ameuza usalama wa kijiji kizima cha upande wa pili. Dai stakabadhi, na toa taarifa.

Kwa ndugu walioko ng'ambo

Wapo wenyeji wa Jabe na Buyenzi wanaoishi Ubelgiji na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Watoto wao huja likizo, wakampenda paka wa bibi, kisha wakataka kuondoka naye. Jambo hili haliwezekani ndani ya likizo moja, na ni vyema mtoto aambiwe mapema kuliko kuja kulia uwanja wa ndege.

Kwa paka anayetoka Burundi, Umoja wa Ulaya hutaka kwanza awekewe chini ya ngozi kidude kidogo cha utambulisho, chenye namba ya tarakimu 15. Kisha achanjwe. Zipite siku zisizopungua 30, achukuliwe damu, na damu hiyo ipimwe katika maabara inayotambuliwa na Umoja huo ili kuthibitisha kwamba chanjo imeshika. Kutoka siku ya kutolewa damu, husubiriwa miezi mitatu mingine. Kwa hesabu ya haraka, ni zaidi ya miezi minne. Anayekuja na paka wake kutoka Ulaya anaweza kujipunguzia taabu kwa kufanya kipimo hicho kabla ya kuja na kukiandikisha katika pasipoti ya paka. Hapo hatalazimika kusubiri miezi mitatu wakati wa kurudi.

Ndani ya gari

Paka haendi safarini ndani ya salfeti, wala mapajani mwa dereva. Akishtuka, huweza kuingia chini ya breki, na hapo wote waliomo garini wamo hatarini. Chombo bora ni tenga au kikapu imara chenye kifuniko na matundu ya hewa, kilichofungwa ili kisiserereke. Mzoesheni kikapu hicho nyumbani wiki kadhaa kabla: kiwekeni wazi, mtandikieni kitambaa chenye harufu ya nyumba, mlisheni humo. Msimlishe saa tatu au nne kabla ya kuondoka, ili asitapike, lakini maji apewe kila mnapopumzika.

Msimwache ndani ya gari lililofungwa juani. Katika nyanda za Imbo, dakika kumi tu zinatosha kupandisha joto la ndani kwa nyuzi kumi hivi juu ya joto la nje. Wala msifungue kikapu mpakani au kituo cha mafuta «ili anyooshe miguu». Paka akipotea ugenini, ni nadra kupatikana. Mkifika, mwekeni ndani ya chumba kimoja kwa siku kadhaa hadi apazoee.

Tuseme pia ukweli ambao wapenda paka wanaujua. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Hawakusema lazima abebwe. Paka hushikamana na mahali pake kuliko mbwa, na safari ya wiki moja kwake ni mateso ya wiki moja. Mara nyingi wema mkubwa ni kumwacha Jabe, na kumpa jirani ufunguo, chakula na namba ya simu.

Akiuma au akiparura

Osheni jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Msipake pilipili, petroli wala majani. Kisha nendeni kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo hiyo, upande wowote wa mpaka mlipo, na mseme wazi: ameumwa na paka, mahali fulani, saa fulani. Mkiandikiwa sindano, zimalizeni zote hata kama jeraha limepona.

Msimwue paka aliyeuma wala msimfukuze. Akiwa anaonekana mzima, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi katika mate yake siku alipouma. Akibadilika, akawa mkali pasipo sababu, akatokwa mate, akalia kwa sauti ngeni, akashindwa kutembea au akafa, mwiteni daktari wa mifugo na msimguse kwa mikono mitupu. Mtaani, taarifa ianzie kwa mkuu wa nyumba kumi au kituo cha polisi kilicho karibu.

Turudi kwa binti wa mfano wetu. Angeweza kuokolewa na mambo mawili: cheti kilichotafutwa miezi miwili kabla, au, kikikosekana hicho, neno moja la kweli lililosemwa mpakani. Afisa akiambiwa ukweli, huenda akamzuia paka kuvuka, na safari ikaharibika. Hatutawadanganya kwamba hilo haliumi. Lakini mtoto angeoshwa kidole palepale, paka angefungiwa na kuangaliwa, na bibi angempokea mjukuu bila kubahatisha kama amesalimika. Wazazi, waambieni watoto leo, kabla ya mizigo kufungwa: ukiumwa, sema. Hutapigwa, wala baba hatafungwa.