Ngozi ya Kubandika: Nyembamba au Nene?

Juma lililopita niliulizwa: mtoto akiungua kwa uji, ngozi ya kubandika hutoka wapi? Hutoka mwilini mwake mwenyewe, kwa njia kuu mbili.

Ya kwanza, daktari huparua utando mwembamba, aghalabu pajani. Utando huo hufunika kidonda kikubwa, na paja hupona lenyewe kwa wiki mbili hivi. Ila baadaye husinyaa.

Ya pili, hukata ngozi kwa unene wake wote, tuseme nyuma ya sikio, kisha hupashona hapo. Kwa hiyo kipande huwa kidogo, lakini hakisinyai sana. Hufaa uso na vidole.

Zote hushika penye damu ya kutosha, pasipo usaha. Basi, tusingoje vidole vijikunje. Tumwahishe mtoto hospitali.