Kutoka Kiwanja cha Shule hadi Mkataba: Binti Mchezaji Anapita Njia Ipi?

Wageni wetu wa usharika rafiki wa Marekani walipotutembelea tuliwapeleka kuangalia mechi ya wasichana katika kiwanja cha sekondari moja ya kata, juu ya Marangu. Wanaokifahamu kiwanja hicho wanajua kwamba goli moja liko juu kuliko lingine, na mpira ukitoka upande wa bonde lazima mtu ateremke kwenye migomba kuutafuta. Siku hiyo mshambuliaji mmoja wa kidato cha tatu alifunga mabao matatu, mawili akiwa anapandisha mlima. Baada ya mechi mgeni mmoja alituuliza, "Huyu atachezea chuo kipi?" Muda si mrefu baba yake binti, mzee wa mtaa, naye akatuuliza la kwake: "Ninyi watu wa dayosisi, mtoto ana mguu, sikatai. Lakini akimaliza kidato cha nne, huo mguu utamlisha?"

Siku ile hatukuwa na jibu zuri kwa yeyote kati yao. Makala hii ni jaribio la kuwajibu wote wawili, kwa kuwa kamati za sharika zinatakiwa kuamua kama fungu la michezo ya wasichana liendelee, na wafadhili wetu wana haki ya kujua fedha zao zinamfikisha binti wapi.

Kwa nini mgeni aliuliza habari ya chuo

Nchini Marekani swali lake ni la kawaida kabisa. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi katika michezo, na soka ikawa mojawapo ya michezo iliyokua haraka. Mashindano ya kitaifa ya vyuo kwa soka la wanawake, chini ya chama cha michezo ya vyuo kiitwacho NCAA, yalianza mwaka 1982. Ligi ya kulipwa ya NWSL ilipoanza mwaka 2013, kila mwanzo wa mwaka klabu zilikuwa zikikaa na kuchagua kwa zamu wachezaji waliotoka vyuoni. Binti alisoma, alicheza, alihitimu, kisha akaajiriwa. Vitu hivyo vyote vilikuwa chini ya paa moja.

Hata huko mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Trinity Rodman alichaguliwa na klabu ya Washington Spirit kabla hajacheza hata mechi moja ya chuo, na mwaka 2024 utaratibu wenyewe wa kuchagua kwa zamu ulifutwa. Sasa mchezaji anajadiliana na klabu anayoitaka.

Wazazi wengi hutuuliza kuhusu ufadhili wa vyuo hivyo. Upo, lakini ni mchache kuliko inavyosimuliwa. Hadi mwaka 2025 timu moja ya wanawake ya daraja la kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili usiozidi nafasi 14 kamili, ambazo mara nyingi ziligawanywa vipande vipande kwa wachezaji wengi zaidi. Matokeo ya kidato cha nne na Kiingereza huangaliwa pamoja na mabao. Tena kuna mtego: vyuo hivyo kwa miaka mingi vimekuwa vikiwazuia wachezaji waliokwisha kusaini mikataba ya kulipwa. Binti anayekimbilia kusaini na klabu yoyote ile akiwa na miaka 17 anaweza kujifungia mlango huo bila kujua. Tunawaomba wazazi wasiharakishe.

Njia ya kwetu

Hapa kwetu binti huonekana kwanza katika michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, kisha UMISSETA kwa sekondari. Anapanda kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa. Huko ndiko makocha wanakofika kuangalia. Wasipomwona kwenye mashindano hayo, ni vigumu wamwone tena, kwa maana hakuna kocha wa Dar es Salaam atakayepanda hadi Mwika au Rombo kumtafuta mtoto mmoja.

Kisha zipo shule zilizojenga michezo ndani ya masomo, kama Alliance ya Mwanza na Fountain Gate ya Dodoma. Aprili 2023 wasichana wa Fountain Gate walikwenda Durban na kurudi na ubingwa wa shule za Afrika. Wale walikuwa wanafunzi, wanaovaa sare na kufanya mitihani kama wa kwetu.

Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania ilianza msimu wa 2016/17, na Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Tangu hapo ubingwa umezunguka zaidi kati ya Simba Queens na JKT Queens. Hii ya pili ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, na jambo hilo lina uzito kwa mzazi, kwa sababu timu ya jeshi inaweza kumfungulia mchezaji mlango wa ajira ambayo haimalizwi na goti kuumia. Tunapozungumza na wazazi kuhusu mpira wa kulipwa, jina la JKT huwatuliza kuliko majina ya Ulaya.

Lakini ya Ulaya nayo yapo. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, akacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alikuwa katika kikosi cha Serengeti Girls kilichokwenda India mwaka 2022 kwenye Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 17. Kikosi kile kiliifunga Ufaransa 2-1, kikatoka sare na Kanada, na kikafika robo fainali. Mwaka uliofuata Luvanga alikwenda Hispania, na baadaye Al Nassr ya Saudi Arabia. Nahodha wa Twiga Stars, Opah Clement, amecheza Uturuki, China na Mexico. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepitia chuo kikuu kwa njia anayoifahamu mgeni wetu. Kwao klabu ilikuja mapema, na kitabu kikabaki kwa juhudi ya mtu binafsi.

Twiga Stars wenyewe walifuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, kisha wakasubiri hadi fainali zilizochezwa Morocco Julai 2025 ndipo wakarudi. Miaka 15. Kizazi kizima cha wachezaji kilianza na kustaafu katikati.

Ngazi inapokatika

Tumeangalia wasichana waliopitia mradi wetu, na tumeona kwamba wengi hawapotei wakiwa na miaka 12 wala 22. Wanapotea kati ya 16 na 19. Binti anamaliza kidato cha nne mwezi Novemba na kusubiri matokeo. Kiwanja cha shule si chake tena. Klabu ya kike ya karibu haipo, au ipo na haina nauli. Nyumbani anahitajika kukata majani ya ng'ombe, kubeba ndizi sokoni na kulea watoto wa dada yake aliyeko mjini. Ikifika Juni, mwili uliokuwa ukikimbia kila jioni umekaa miezi saba.

Akiingia chuo cha ufundi, cha ualimu au cha ushirika, michezo ipo, ila ni ya bonanza na mashindano ya mara moja kwa mwaka. Ligi inataka mtu kila wiki, na kalenda yake haiulizi tarehe za mitihani. Kwa hiyo binti analazimika kuchagua, na kwa familia ya kihamba kimoja chaguo linajulikana kabla ya kikao.

Hapa tuseme jambo linalotugusa sisi wenyewe. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya fungu la michezo tuliipeleka kwenye jezi, mipira na makombe, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye picha za taarifa. Katika miaka ile ya katikati, ambayo haina picha, hatukuweka kitu.

Picha nzuri mlima wetu umekwisha kuzipata. Juni 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali, baadhi yao waliowahi kuchezea timu za taifa, walipanda Kilimanjaro na kucheza mechi kamili ya dakika 90 kwenye majivu ya kreta, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari. Ilikwisha 0-0 na ikaingia kwenye rekodi za dunia. Tuliwashangilia kwa moyo wote. Lakini kiwanja cha Marangu bado kimeinama.

Wenzetu wa Uganda na Kenya

Majirani wamepata namna ya kuunganisha darasa na ligi, nasi tunaona inatufaa kuliko ya Marekani. Uganda, sekondari ya Kawempe Muslim ina timu inayocheza ligi ya juu ya wanawake ya nchi hiyo, na imewahi kuwa bingwa. Juliet Nalukenge alitoka shuleni hapo akasajiliwa na Apollon ya Kupro mwaka 2021. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda kilichopo Mukono, ambacho ni cha Kanisa Anglikana, nacho kimecheza ligi hiyo kupitia timu yake ya Lady Cardinals. Kenya, Chuo Kikuu cha Zetech kimeingiza timu yake, Zetech Sparks, katika Ligi Kuu ya Wanawake. Mchezaji wa timu kama hizo halazimiki kuchagua kati ya shule na klabu, kwa sababu vyote viwili viko chini ya uongozi mmoja.

Moshi ina vyuo vya kutosha. Ina Uwanja wa Ushirika. Kinachokosekana ni chuo kimoja kukubali kuwa nyumba ya timu ya ligi, hata ya daraja la chini kwa kuanzia. Mazungumzo hayo tungependa kuyaanza, na wafadhili wenye uhusiano na vyuo wanaweza kutusaidia kuliko wanavyodhani.

Karatasi kabla ya viatu

Wapo watu wanaowapigia wazazi simu wakiahidi timu za nje. Yafuatayo yasomwe kwenye vikao vya mitaa.

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine. Anayeahidi kumpeleka binti wa miaka 16 Ulaya kwa ajili ya mpira, ama hajui kanuni ama ana nia nyingine. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na hawezi kumwakilisha mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Binti asisafiri kwenda majaribio peke yake, hata kama ni Arusha tu. Afuatane na mama mlezi anayefahamika na kamati. Tunalisema hili kwa uzito, maana rushwa ya ngono haikuachwa nje ya uwanja.

Mkataba wenyewe usomwe na mtu anayeielewa lugha yake. Usainiwe na pande zote, na nakala ibaki nyumbani. Uangaliwe nani analipa matibabu mchezaji akiumia. Tangu Januari 2021 FIFA imetaka mchezaji anayejifungua apewe likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Wazazi wengi wa kike tuliowaeleza hilo walitaka turudie mara mbili.

Wahasibu wetu nao walituuliza kama usharika utarudishiwa gharama binti akiuzwa. Wasitarajie. Kwa miaka mingi kanuni za FIFA zimeliacha soka la wanawake nje ya fidia ya mafunzo ambayo klabu za wanaume hulipwa.

Tunachopendekeza

Kamati zijadili kupunguza makombe kutoka manne hadi moja kwa mwaka. Fedha itakayobaki ilipe cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kwa kila mchezaji asiye nacho, nauli ya majaribio pamoja na mama mlezi, na mazoezi ya wasichana waliomaliza kidato cha nne kati ya Desemba na Juni, mara tatu kwa wiki, chini ya kocha anayelipwa posho. Anayefaulu aendelee na kidato cha tano, na asiyefaulu asaidiwe kuingia VETA, bila kuondolewa kwenye timu. Maoni ya kila usharika yaletwe kwenye kikao cha jimbo.

Tulirudi Marangu kumweleza yule mzee yote haya. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili kuhusu JKT na moja kuhusu goti. Cheti cha binti kilikuwepo, kimefungwa kwenye nailoni juu ya kabati. Ndipo mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kama mazoezi yanaweza kuanza saa kumi na moja badala ya saa kumi, ili majani ya ng'ombe yawe yamekwisha kukatwa. Tumeyahamishia saa kumi na moja.