Sare Safi na Moyo Safi: Funzo la Wachina wa Kale

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Methali hii ya watu wa pwani haina ugeni katika nyumba za askari wa Uganda, ambako Kiswahili kilienea pamoja na jeshi la King's African Rifles. Kila asubuhi katika nyumba hizo mama hupiga pasi sare ya mumewe, naye baba hung'arisha buti na mkanda. Kazi hiyo ni njema na inatakiwa. Walakini liko swali ambalo pasi haiwezi kulijibu: je, anayevaa sare hiyo ni mtu wa namna gani?

Wenye hekima wa Uchina walilijadili swali hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mkuu wao, Confucius, alizaliwa mwaka 551 K.K. katika dola ya Lu. Mwanahistoria Sima Qian amesimulia kwamba siku moja alijiwa na mwanafunzi mwenye sura mbaya mno, jina lake Tantai Mieming. Mwalimu akadhani kuwa mtu huyo hana kipaji kikubwa. Lakini Tantai alijifunza kwa bidii na kuuchunga mwenendo wake. Hakupita njia za mkato, wala hakwenda kwa mtawala wake ila kwa shughuli za umma. Baadaye alisafiri kusini akapata wafuasi 300, na jina lake likavuma. Ndipo Confucius alipokiri waziwazi kuwa alikosea kumpima mtu kwa uso wake.

Haikuwa maana ya Confucius kwamba mtu aishi ovyo bila kujali unadhifu. Alifundisha kuwa utu wa ndani na adabu ya nje sharti vilingane; kimoja kikizidi, mtu hupungukiwa. Lakini alimsifu pia mwanafunzi wake Zilu, ambaye aliweza kusimama na joho lililochakaa kati ya matajiri waliovaa manyoya ya thamani, asione haya.

Kiko kisa kingine kinachowahusu hasa wake na waume. Katika dola ya Qi alikuwako waziri mkuu aliyeitwa Yan Ying, aliyefariki mwaka 500 K.K. Kimo chake hakikufika mita moja na nusu. Dereva wa gari lake la farasi alikuwa pande la mtu, naye alijivuna sana alipoketi mbele ya gari la mkubwa. Siku moja mkewe alichungulia mlangoni, akamwona mumewe anavyojitapa barabarani. Aliporudi nyumbani, mke akaomba talaka. Alimweleza kwamba waziri ni mfupi, lakini anaheshimiwa na dola zote, na bado uso wake ni wa unyenyekevu. Ilhali yeye, mrefu wa kupendeza, ni mtumishi tu, na tayari ameridhika na nafsi yake. Maneno hayo yalimchoma dereva, akabadili mwenendo. Yan Ying aliona mabadiliko hayo, akauliza sababu, naye akaelezwa ukweli. Akampendekeza apewe cheo. Basi mke mwenye kusema kweli ni hazina ya nyumba.

Katika karne ya tatu K.K., Xunzi aliandika sura nzima kuwapinga watu waliodai kuwa wanaweza kusoma bahati na tabia ya mtu usoni. Alikumbusha kwamba wafalme dhalimu wa kale, Jie na Zhou, walikuwa warefu, wazuri na wenye nguvu za ajabu. Miili yao haikuiokoa nchi.

Watu wa West Nile hawana haja ya kwenda Uchina kutafuta ushahidi wa jambo hilo. Idi Amin, ambaye jamaa zake walitoka Koboko, aliingia King's African Rifles mwaka 1946. Maofisa wa kikoloni walivutiwa na kimo chake na nguvu zake. Alikuwa bingwa wa ndondi, na mwaka 1961 akapewa kamisheni. Tarehe 25 Januari 1971 aliitwaa serikali. Hadi alipoondolewa mwezi wa Aprili 1979, kifua chake kilijaa nishani, na nchi ilijaa wajane.

Kisha kosa lile lile likatendwa kwa upande wa pili. Baada ya Amin kuanguka, kabila, jina na lafudhi vilitosha kumfanya mtu wa West Nile ahesabiwe kuwa adui. Maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981, huko Ombaci, kaskazini mwa mji wa Arua, askari wa serikali ya wakati ule waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki. Hakuna aliyewapima watu hao kwa matendo yao.

Walugbara humwita mzee wa ukoo "ba wara", yaani mtu mkubwa. Ukubwa huo si wa mwili. Mzee mwembamba mwenye fimbo na koti kuukuu aweza kuwa ndiye mkubwa, akaketi kuwapatanisha ndugu waliogombana.

Askari anayesimama kazini Manibe, katika barabara ya Arua kwenda Koboko, hukutana na watu wa kila sura: mkulima wa muhogo, mchuuzi kutoka Kongo, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Yampasa awe nadhifu, maana sare ni heshima ya taifa. Yampasa pia amwulize kila mmoja kwa adabu na kumpima kwa ukweli wa maneno na matendo yake, si kwa makovu ya uso wala kwa nguo zilizochanika.

Nao wazazi, wanapomfundisha mtoto kupiga pasi na kung'arisha viatu, wamfundishe siku hiyo hiyo kusema kweli na kutomdhihaki mwenziwe aliyeumbwa tofauti. Nguo hufuliwa ikatakata siku moja. Tabia hujengwa kwa miaka.